Baba Walikuwa Naye, Dedi Alitoka Wapi?

(Mazungumzo na wanafunzi na walimu wa Kiswahili, yaliyoandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Shikamooni wazee wangu. Walimu, nawasalimu kwa heshima. Nanyi vijana mliokaa nyuma, habari za saa hizi.

Nimeombwa nizungumzie maneno ya kigeni yanayoingia katika familia. Najua wengi mlitazamia nianze na Dar es Salaam au Nairobi. Huko nitafika, ila kwa dakika chache tu. Leo nataka twende Hong Kong, kwa sababu ndiko nilikojifunza kulisikiliza neno "anko" ambalo nimelisikia tangu utotoni bila kulitilia maanani.

Niliishi Hong Kong miaka mitatu kuanzia 2012. Nilikuwa nanunua vipuri vya simu katika mtaa wa Apliu, pale Sham Shui Po, upande wa Kowloon, na kuvituma Kariakoo. Nilipanga chumba katika nyumba ya familia moja: bibi mzee, mwanawe wa kiume, mkewe, na mtoto wao wa kiume wa miaka minne. Vyumba vilikuwa vyembamba na kuta zake nyepesi, kila neno lililosemwa jikoni nililipata nikiwa kitandani. Kwa mtu anayejifunza lugha, sijui darasa lililo bora kuliko hilo.

Wiki ya kwanza niliyatilia shaka masikio yangu. Yule bwana akizungumza na mamake kuhusu marehemu mzee wao, nasikia "baba". Bibi akimtaja mkwewe mbele ya mjukuu, nasikia "mama". Baba na mama, kama sisi! Lakini mtoto mwenyewe, baba yake akirudi kazini, anakimbilia mlangoni akipiga kelele: "Dedi!" Akijiumiza kidole analilia "Mami!" Mgeni akiingia, mtoto anaelekezwa aamkie "Anti" au "Anko", karibu sawasawa na tunavyotamka sisi. Na jirani aliyekuwa amejifungua, kichanga chake kila mtu alikiita "bibi".

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa. Kikantoni, lugha ya karibu watu 9 kati ya 10 wa Hong Kong, kina baba na mama, maneno ambayo mtoto huyatamka kabla hajaota meno. Kwa nini basi waende kuazima dedi na mami kwa Mwingereza?

Shuleni tulifundishwa kwamba lugha huazima inapopungukiwa. Kitu kipya kimekuja, jina hatuna, tunachukua la mwenye kitu. Kwa vyombo na mitambo maelezo hayo yanatosha. Basi lilipofika Hong Kong watu waliliita baasi, maana Kikantoni hakikubali silabi iishie kwa sauti ya s, kwa hiyo kikaweka irabu mwishoni kama tulivyofanya sisi. Teksi wanaiita diksi. Maneno yaleyale yaliteremka katika bandari mbili zilizokuwa chini ya Mwingereza, huko na huku, yakavalishwa nguo ya mshono mmoja. Naweza kuwaambia kwamba baasi ndilo neno la kwanza la Kikantoni nililolielewa bila kufundishwa, na nilisimama kituoni nikiwa na furaha ya mtu aliyekutana na wa kwao.

Lakini baba si basi. Baba hakuletwa na meli.

Mwingereza alikabidhiwa kisiwa cha Hong Kong kwa mkataba wa mwaka 1842, akaondoka 1997. Katika utawala wake, hadi 1974, Kiingereza peke yake ndicho kilichokuwa lugha rasmi ya serikali. Ofisi, mahakama, shule zilizotamaniwa, vyote vilipitia humo. Mtoto aliyesema dedi alikuwa anasikika kama mtoto wa shule fulani na nyumba fulani. Sehemu hii ya maelezo mnaijua, hata hapa kwetu ipo, sitaikalia. Hadhi inaeleza kwa nini mlango ulifunguliwa. Haielezi kwa nini maneno mengine yalipita na mengine yakabaki nje, wala kwa nini yaliyopita yalikwenda kukaa pale yalipokaa. Mimi huko ndiko ninakotaka tutazame.

Tuanze na sauti zenyewe, kwa sababu zinasema mengi. Kikantoni kina toni sita. Silabi ileile ukiipandisha au kuishusha inakuwa neno jingine. Mama mzazi ni mama, silabi ya kwanza chini, ya pili juu. Bibi mzaa baba naye ni mama, ila silabi zote mbili zinabaki chini. Asubuhi moja nilitaka kumwamkia bibi kama mjukuu wake anavyomwita, nikapandisha mwishoni. Akanishika mkono, akanirudishia neno lile taratibu, mara tatu, mara nne, mpaka sauti yangu ikakubali kubaki chini. Tangu siku hiyo nikaanza kuandika toni katika daftari langu la hesabu za vipuri.

Sasa sikilizeni. Baba: chini, juu. Mama: chini, juu. Gogo, yaani kaka mkubwa: chini, juu. Huo ndio wimbo wa majina ya Kikantoni yanayorudia silabi. Wa dedi unakwenda kinyume: juu, chini. Mami vilevile, juu, chini. Kwa nini? Kwa sababu Mwingereza hukaza silabi ya kwanza ya maneno hayo, na sikio la Mkantoni likausikia mkazo ule kama toni ya juu. Mkazo wa lugha moja ukawa wimbo wa lugha nyingine. Na yule "bibi" wa jirani ni neno la Kiingereza la mtoto mchanga, lakini hilo silabi zake zinafanana, linajirudia kama baba na mama, basi likapewa wimbo wa wenyeji: chini, juu. Hakuna mwalimu aliyekaa akapanga hayo. Vinywa vya watu vilipanga vyenyewe, na kwangu huo ni ushahidi kwamba wazungumzaji hawakuwa wanaiga tu. Walikuwa wanatunga.

Tazameni pia maandishi. Dedi inapoandikwa kwa herufi za Kichina, ya kwanza ni alama ya zamani ya baba, ambayo ndani yake mna alama nyingine ya baba. Mami inaanza na alama ya mama, na ubavuni mwake mna alama ya mwanamke. Neno la kigeni limeingia nyumbani likiwa limeshika mkono wa mwenyeji wake. Bibi wa kichanga, mara nyingi watu hawahangaiki kulitafutia alama, huandika tu herufi mbili za Kirumi, B na B, hata kwenye mabango ya maduka.

Ili kuelewa maneno hayo yalikwenda kukaa wapi, lazima kwanza tuijue nyumba yenyewe. Na hapa Mswahili ana bahati, kwa sababu nyumba hiyo inafanana na yake. Kaka mkubwa wa baba kwa Kikantoni ni baak. Mdogo wake wa kiume ni suk. Baba mkubwa na baba mdogo, hamhitaji tafsiri zaidi. Kaka wa mama ni kaufu, mjomba wetu. Dada mkubwa wa mama ni yima na mdogo wake ni a-yi, mama mkubwa na mama mdogo. Kwa shangazi wametupita hatua moja: dada mkubwa wa baba ni guma, dada mdogo wa baba ni guje, na hayo ni majina mawili yasiyochanganywa. Wake na waume wa hao wote nao wana majina yao. Babu mzaa baba ana jina lake na babu mzaa mama lake, na bibi hivyohivyo. Ndugu wa tumbo moja huwezi kumwita mpaka umeshasema ni mkubwa au mdogo wako.

Halafu waje watoto wa hao wote, wale tunaowaita binamu. Watoto wa kaka za baba wanaitwa kwa neno linaloanza na tong, maana wao wana jina moja la ukoo nawe. Watoto wa shangazi, wa mjomba, wa mama mkubwa na mama mdogo wote ni biu. Kisha unauliza: wa kiume au wa kike? Mkubwa kwako au mdogo? Zidisheni wenyewe, ni majina manane. Kiingereza kinawapa neno moja, na neno hilo halikuambii hata kama ni mwanamume au mwanamke.

Kwa hiyo lugha yenye majina mengi ilikuwa inaazima kutoka lugha yenye majina machache. Angetazama mtu kwa mbali angesema basi, yale machache yatayameza mengi, maana mepesi hushinda. Haikuwa hivyo, na jinsi ambavyo haikuwa ndiyo imenileta mbele yenu.

Neno la Kiingereza liliingia mahali pawili. Liliingia pale karibu kabisa na moyo, na liliingia kizingitini, wanapopokewa watu wasio wa damu. Katikati, walipo akina baak na suk na kaufu, likakuta viti vimejaa.

Pale karibu na moyo ni dedi na mami. Baba halikufa. Yupo katika mazungumzo ya heshima. Na vijana wa kiume wakiwa peke yao wanamtaja mzee kwa jina jingine kabisa, laudau, ambalo ukilisoma kwa alama linavyoandikwa ni "haragwe zee". Hivyo mtu mmoja ana majina matatu, na kila moja linaeleza uko wapi na umesimamaje mbele yake. Nilimsikia yule bwana, mtu mzima mwenye mtoto, akimwambia rafiki yake kwenye simu habari za laudau wake, na jioni ileile akiwa na mamake akisema baba. Mwanawe yeye akasema dedi. Watoto wengi wanaolelewa na dedi hukua nalo, na mwanamke wa miaka arobaini akimwita baba yake hivyo hadharani hakuna anayeshangaa. Neno la kuazimwa limekuwa la kudeka.

Kizingitini ni anko na anti. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Mtoto wa Hong Kong akikutana na rafiki wa baba yake, anko. Rafiki wa mama, anti. Wazazi wa mchumba, kabla ya ndoa, anko na anti. Sitasema hawapo wanaoyatumia kwa ndugu wa damu, wapo. Lakini kazi kubwa ya maneno haya ni kwa wasio ndugu. Zamani mgeni huyo naye aliitwa kwa jina la ukoo, baak au suk, na hapo palikuwa na mtihani, kwa sababu kabla ya kumsalimu lazima ujue amempita baba yako kwa umri au baba yako ndiye aliyempita. Kwa wanawake mtihani ulikuwa mkali zaidi. Kuna jina la mke wa baba mdogo, asam, ambalo ukimpa mwanamke usiyemjua umemwambia kwamba amezeeka na amechoka. Anti haliulizi umri. Mtoto anasalimu, mgeni anacheka, mama hana wasiwasi. Neno la Kiingereza lilipendwa kwa sababu ya umaskini wake, kwa sababu lilikuwa halijui kutofautisha.

Yule binamu wa Kiingereza naye aliazimwa kwa sababu hiyohiyo, wanatamka kasan. Mtu akisimulia kazini, "nilikwenda sinema na kasan wangu," amemaliza, hana haja ya kumpa msikilizaji ramani ya ukoo. Lakini akikutana na huyo binamu uso kwa uso atamwita kwa jina lake kati ya yale manane. Kasan ni wa kusimuliwa.

Na je, kaka na dada? Kwa Kiingereza kaka hana mkubwa wala mdogo, hivyo jina lake halikuweza kuingia nyumbani, lingemwacha mtoto hajui nafasi yake mezani. Likakaa nje, tena nje kabisa. Vijana wa Hong Kong mtandaoni wanaitana bada, na wasichana sida. Ni kaka na dada wa Kiingereza, yakiandikwa kwa alama zilizochaguliwa kwa sauti tu: bada inaanza na alama ileile ya basi, sida inaanza na alama ya hariri, na yote mawili yanamalizia kwa alama ya kupiga. Ni majina ya kuitana watu msiojuana nyuso. Mtandaoni humjui mwenzako ana miaka mingapi, basi neno lisilojua mkubwa na mdogo linafaa. Na sisi je? Kondakta wa daladala anamwita abiria "sista", anamwambia dereva wa bodaboda "braza", akifika nyumbani dada yake ni dada.

Kuna jambo jingine ambalo halitokani na Kiingereza lakini siwezi kuliruka. Hong Kong ina wafanyakazi wa nyumbani zaidi ya laki tatu, wengi wao wanawake kutoka Ufilipino na Indonesia. Mtoto humwita mfanyakazi huyo jeje, dada mkubwa, na watu wazima wakimtaja husema jina ambalo neno kwa neno ni "dada mkubwa wa kazi". Nilipolisikia nilikaa chini. Dada wa kazi! Na kama kwetu, dada wa damu ana namna nyingine ya kuitwa, gaje, ili wasichanganywe. Lugha mbili zisizo na udugu wowote zimekutana na jambo moja, mwanamke wa watu analea mtoto wako, na zote mbili zikampa jina la udugu huku zikimwekea alama. Hilo ni jambo la kufikiria, na mimi bado nalifikiria.

Sasa ukoo wenyewe unapungua. Mwaka 1975 chama cha uzazi wa mpango cha Hong Kong kilianza kampeni ya kuwaambia watu kwamba watoto wawili wanatosha. Leo wastani uko chini ya mtoto mmoja kwa kila mwanamke. Fikirini maana yake katika lugha. Mtoto ambaye baba yake hana ndugu hana baak, hana suk, hana guma wala guje. Majina yapo ila hayana watu. Mtoto niliyeishi naye alikuwa hivyo, baba yake alizaliwa peke yake. Nafasi ya shangazi mle ndani ilikuwa imejazwa na anti watatu, marafiki wa mama yake, waliomletea zawadi na kumkemea kama damu yao. Zipo hata programu za simu za kukokotoa majina ya ukoo: unaandika "mke wa mdogo wa kiume wa babu mzaa mama", simu inakujibu umwiteje.

Nimesema ningefika kwetu. Sisi tumeazima majina ya ndugu tangu zamani, na kuazima hakujatudhuru. Watu wa pwani walichukua "ami" kwa Mwarabu, na Mwarabu anamtofautisha kaka wa baba na kaka wa mama, kwa hiyo ami alipoingia hakuvunja ukuta wowote. Binamu pia ni Mwarabu, asili yake mtoto wa ami, nasi tukamtanua mpaka akawa mtoto wa shangazi na wa mjomba pia. Ninachokiona sasa ni kitu kingine. Anko wetu hakubaki kizingitini. Nakutana na watoto, hapahapa mjini, ambao mjomba ni anko, baba mdogo ni anko, baba mkubwa ni anko, mwenye duka ni anko, na ukimuuliza mtoto "huyu anko ni nani kwako?" anakuambia jina lake tu. Linaniuma, sitalificha. Baba mdogo ni baba, neno lenyewe limesema. Baba yako akiondoka duniani, yeye hahitaji kuteuliwa. Mjomba ana neno lake kwenye posa ambalo mwingine hawezi kulisema. Wakantoni waliliweka neno lisilojua kutofautisha pale pasipohitaji tofauti. Sisi tumelipitisha mpaka chumbani, na sidhani kuna siku tuliyokaa tukaamua.

Nina kisa kimoja, kisha nawaachia maswali.

Mwisho wa Januari 2014 uliingia mwaka mpya wa Kichina, mwaka wa Farasi. Siku hiyo mtoto huvalishwa nguo mpya na hupita kwa kila mkubwa, anamtaja kwa jina lake la ukoo, anamtakia heri, ndipo anapewa bahasha nyekundu yenye pesa. Bila jina hakuna bahasha. Mtoto wetu alikuwa keshafikisha miaka sita. Alianza kwa bibi, silabi zote mbili chini, vizuri kabisa. Akaja kwa dedi, akaja kwa mami. Halafu akasimama mbele yangu, nami nimeshika bahasha yangu, na mama yake akamnong'oneza: "Anti." Ndivyo alivyokuwa akiniita miaka yote miwili.

Bibi akanyanyua mkono. Akanigeukia akaniuliza mimi ni wa mnyama gani. Huko ukitaka kujua umri wa mtu bila kumkosea adabu unamuuliza mnyama wa mwaka wake. Nikamwambia nimezaliwa 1978, nami ni Farasi, mwaka ndio wangu. Akakunja vidole akihesabu, akimtazama mwanawe, aliye wa mwaka wa Joka, miaka miwili mbele yangu. Kisha akamwinamia mjukuu wake.

"Guje," akamwambia. "Mwite guje."